Moza Anapungua

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amesema nitembee. Magoti yangu, kasema, yanabeba mtu na nusu, na huyo nusu hana kazi. Kwa hiyo baada ya chai nimetoka nyumbani Mtanda, hapa Lindi, nikaenda polepole hadi gatini, na nguvu zikaniishia pale. Nikaingia banda la abiria nikaketi. Pantoni ikaja kutoka Kitunda, ng'ambo ya ghuba, ikateremsha mlango wake wa chuma, na watu wakamiminika.

Nilifundisha darasa la kwanza karibu maisha yangu yote ya kazi. Mwalimu wa darasa la kwanza hujifunza kutazama bila kuonekana kwamba anatazama. Sasa nimestaafu, mume wangu Augustine ametangulia mbele ya haki, binti yetu Helena yuko Dar es Salaam na wanawe. Jicho limebaki bila kazi. Gatini nimeona kazi tele.

Jumanne, 5 Machi

Aliyeteremka wa kwanza leo ni bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi. Kitambi kilitangulia, mwenyewe akafuata. Watu wakampisha. Nyuma yake akaja mama mwenye mwili kama huohuo, ndoo ya dagaa kichwani; huyo hakupishwa, alisukumwa, na kijana mmoja akamwambia apite upesi maana anaziba mlango.

Unene wa mwanamume ni cheo. Wa mwanamke ni kizuizi barabarani. Sijui nani aliamua.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya rasharasha. Nimekunywa chai kwa Moza, na sina budi kumweleza Moza ni nani.

Anauza chai na vitumbua pembeni ya banda la abiria. Sijawahi kuona Lindi nzima mwanamke mnene kumpita, nami si mwembamba. Umri wake hauzidi miaka arobaini. Anakaa ng'ambo, Kitunda, na huvuka kila alfajiri na majiko yake. Anaketi kwenye benchi lililotengenezwa na mumewe Kibwana, ambaye ni seremala: benchi lina miguu sita. Hapa gatini hakuna amwitaye Moza. "Bonge, chai!" "Bonge, vitumbua viwili!" Naye huitikia bila kuinua macho kwenye karai.

"Shikamoo, Mwalimu," kaniambia leo.

"Marahaba. Kumbe wanijua?"

"Ulimfundisha mdogo wangu, Yassin. Ulimchapa."

"Alistahili?"

Akafikiri. "Alistahili."

Karibu naye hushinda Twalib, mpagazi, mtu mrefu mkavu kama ufito, ambaye hubeba gunia la mihogo kama wengine wanavyobeba mto. Ni mtani wa kila mtu. "Mwalimu," akasema, "siku Bonge akizimia hapa, itabidi tuagize winchi bandarini." Watu wakacheka. Moza naye akacheka. Nilimtazama alivyocheka: mdomo ulicheka, mikono ikageuza vitumbua ambavyo havijaiva.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Wao wamefunga, sisi Wakatoliki tuko katika Kwaresima, na daktari kanifungia vyakula vingine juu yake. Moza hauzi tena asubuhi. Anavuka alasiri na futari: tambi, mihogo ya nazi, kachori. Nimehamishia matembezi yangu alasiri. Najiambia ni kwa sababu ya jua.

Jumamosi, 16 Machi

Helena amepiga simu. Swali la kwanza: "Mama, umepungua?" Nikamwambia sijui. "Ukipungua utapendeza sana," akasema. Huko kwao mtu aliyekonda hupewa pongezi.

Hapa kwetu ni kinyume. Nikikutana na mtu niliyepotezana naye, ananishika mikono yote miwili: "Mwalimu! Umenawiri! Mashallah!" Na leo gatini nimesikia mama mmoja akimwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba, "Mbona umekwisha hivyo? Kuna nini nyumbani?" Mwenzake akajitetea kama mshitakiwa: ana watoto wadogo, hajalala, si kitu.

Mwili wa mtu ni kama nyumba iliyojengwa barabarani. Kila apitaye ana la kusema juu ya bati.

Jumapili, 24 Machi

Matawi. Baada ya misa nilipitia gatini. Mvua imenyesha tangu usiku na bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Watu wachache.

Moza ana bangili moja ya fedha mkono wa kulia. Mwanzoni mwa mwezi ilikuwa imebana hata nyama zikafura juu na chini yake. Leo alipoinua mkono kupanga kachori, bangili iliteremka hadi karibu na kiwiko. Dera halisemi kitu, dera linamfunika mnene na mwembamba sawasawa. Bangili imesema.

Jumanne, 26 Machi

Mwadhini alipoadhini nilimwona Moza akifuturu. Hakushika tende. Alichukua jagi la maji, lile la kuwapa wateja, akanywa likaisha, akamwambia Twalib amletee jingine.

"Funga ya mwaka huu kali," Twalib akasema.

"Kali kweli," akajibu Moza, akafuta midomo. Midomo imepauka.

Jumatatu, 1 Aprili

Pasaka ilipita kwa mvua. Padre alihubiri peke yake, bati lilikuwa na kelele kumshinda.

Alhamisi, 11 Aprili

Idi pili. Gati lilikuwa limejaa watu waliovaa vipya, watoto wamepakwa wanja, harufu ya udi mpaka kwenye kamba za pantoni. Na Moza akateremka kutoka Kitunda kama abiria, bila karai wala jiko, amevaa gauni la kijani lililokatwa kiunoni. Si dera. Gauni lenye kiuno.

Watu waligeuza vichwa kwanza. Halafu Twalib akapiga mluzi. "Huyu nani? Huyu mgeni kutoka Zanzibar?"

Moza akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi langu, akageuka kunionyesha.

"Idi mubarak, Moza," nikasema.

"Umesikia, Mwalimu? Kule ndani ya pantoni mkata tiketi ameniita dada. Akasema, dada, sogea upate nafasi." Alikuwa anahema kidogo. "Gauni hili nilishonewa kabla sijaolewa. Lilikuwa chini ya sanduku."

Alipendeza. Lazima niandike hivyo kwa haki. Alikuwa na shingo, kitu ambacho sikuwa nimekiona. Kibwana mumewe alisimama nyuma yake na kanzu iliyopigwa pasi, mtu mfupi, mpole, akimtazama mkewe kama anayetazama kabati alilomaliza kulitia vanishi.

Siku nzima ya leo sikusikia mtu akisema Bonge.

Jumatatu, 15 Aprili

Amerudi kwenye chai ya asubuhi. Gauni limerudi sandukuni, kavaa dera, amelikunja ubavuni na kulishika kwa pini.

Wanawake wawili wa ndoo za samaki walikaa nyuma yangu. Hawakujua kwamba masikio ya mwalimu yako mgongoni.

"Funga gani ya kumla mtu namna ile? Ramadhani imeisha, yeye bado anapukutika."

"Ana lake yule."

"Mumewe anafuata kazi mpaka Kilwa. Mafundi hao!"

"Mi vitumbua vyake sili tena."

Nikageuza kichwa, nikawatazama kwa lile jicho langu la zamani. Wakasema, "Shikamoo, Mwalimu," wakaondoka. Lakini neno lilikwisha kutoka. Hadi saa nne vitumbua vya Moza vilikuwa bado vimejaa sinia, na kijana mmoja nilimwona akipokea chai, akaenda nayo hadi ukingoni, akaimwaga baharini.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemkuta akinywa maji. Chupa kubwa, kwa mkupuo mmoja. Akaweka chini, akaenda msalani, akarudi, akanywa tena. Nilikaa nikatazama hivyo hadi pantoni ikaja na kuondoka, na kitu kilikuwa kinanigonga kichwani kama mtu aliye mlangoni. Halafu nikamfungulia. Ni Augustine. Augustine alikunywa maji hivihivi, mwaka ule kabla hatujajua. Tukasema ni joto.

Nilikuwa natazama kiuno wakati jibu lilikuwa kwenye chupa.

Nikamwita. Akaja akaketi kwenye benchi langu, na wote wawili tukatosha.

"Moza, unakwenda haja mara ngapi usiku?"

Akacheka. "Mwalimu nawe!"

"Nakuuliza."

"Nyingi. Kibwana anasema nimekuwa mlinzi wa zamu."

"Na sisimizi? Chooni?"

Hapo hakucheka. "Umejuaje?"

"Mume wangu alikuwa na sukari. Kesho twende hospitalini, nitakusindikiza."

Akazungusha bangili. "Sukari ni ugonjwa wa watu wanene," akasema. "Mimi si ninapungua?"

"Inapunguza ikizidi."

"Mwalimu, mimi tangu kuzaliwa naitwa majina. Shuleni Tipwatipwa. Ukweni Bonge. Hata mtoto wa jana ananiita Bonge. Sasa Mungu amenipa mwezi mmoja niwe kama wenzangu, na wewe unakuja na sukari." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayekataa kikombe cha pili. "Nikiumwa nitasema."

"Na haya wanayosema watu umeyasikia?"

"Waseme. Ya unene walisema, ya wembamba wanasema. Afadhali haya."

Akarudi kwenye karai. Nilitembea nyumbani upesi kuliko nilivyoruhusiwa, magoti yakanilipiza.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua kubwa. Barabara yetu imekuwa mto.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilimwambia tena. Akaniambia, "Wiki ijayo." Macho yameingia ndani.

Jumatatu, 22 Aprili

"Jumatano," kasema. Nimemwambia nitakuja na bajaji. Akasema sawa.

Jumanne, 23 Aprili

Naandika nikiwa nimetoka hospitalini, nguo bado zimelowa.

Asubuhi kulikuwa na mvua ya upepo, ile inayoingia ubavuni, na watu wote wa pantoni walikuwa wamesongamana ndani ya banda. Moza alikuwa amesogeza jiko lake ndani. Nilikuwa mbali naye kidogo, katikati yetu watu. Nikamwona akisimama kumpa mzee mmoja chai. Kikombe kilitangulia. Halafu akashuka yeye, polepole, akishikilia nguzo, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Watu wakarudi nyuma. Ndivyo ilivyokuwa. Banda lililojaa mpaka huwezi kuinua mkono, ghafla pakawa na nafasi ya duara, na Moza katikati. Nilisikia mtu akisema, "Msimguse." Mwanamke mmoja akafunika pua kwa ushungi.

"Ni sukari!" nikasema. Nilisema kwa sauti ya kunyamazisha mistari ya gwaride, sauti ambayo sikujua kama bado ninayo. "Nipisheni! Ni sukari tu, haiambukizi, nipisheni!"

Nilipopiga magoti (na magoti yangu hayapigwi ovyo) alikuwa anahema kwa nguvu, pumzi ndefu, za haraka, kama aliyekimbia njia nzima kutoka Kiswere. Pumzi ilinuka mapapai yaliyoiva kupita kiasi. Nilimwita. Alifungua macho, hakunijua.

"Twalib!"

Twalib alikuwa tayari amesimama juu yetu. Tangu nimjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza sikumwona na utani mdomoni.

"Mnyanyue. Bajaji iko wapi?"

"Ngoja niwaite wenzangu, Mwalimu. Peke yangu siwezi."

"Hakuna wa kumngoja. Jaribu."

Akainama, akapitisha mikono chini yake. Nilimwona akijiandaa: alipanua miguu, akakaza shingo, akavuta pumzi kama anapochukua gunia la mihogo mibichi. Kisha akanyanyua, na Moza akaja juu kwa wepesi hata Twalib akayumba nyuma, kama mtu aliyevuta ndoo kisimani akidhani imejaa. Akasimama naye mikononi. Akamtazama usoni, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "hamna mtu humu."

Dera lilikuwa limening'inia pande zote mbili, linachuruzika maji. Pini ilikuwa imefunguka.

Tukampakia kwenye bajaji, mimi ndani nimemshika kichwa, Twalib nusu ndani nusu nje kwenye mvua. Dereva alipita kwenye madimbwi bila kuuliza kina. Njiani nilimsemesha Moza kila jambo lililonijia. Nilimhesabia silabi, ba be bi bo bu, kwa kuwa ndicho kitu ambacho kinywa changu kinakijua bila mimi.

Hospitalini alitupokea muuguzi kijana anayeitwa Witness, mwepesi wa mikono. Akamchoma kidole, akatazama kipimo, akapima tena. "Imepanda kuliko mashine inavyoweza kusoma," akasema. Hakuinua sauti. Wakamsukuma ndani, wakamtundikia maji, tukabaki kwenye benchi mimi na Twalib, matope mpaka magotini.

Twalib akakamua ncha ya shati lake. Halafu: "Nilisema winchi."

"Nilikuwepo."

"Nilisema mara nyingi. Sio siku ile tu."

Sikumwambia kwamba si kitu. Sikumwambia kwamba ni kitu. Nilimpa nusu ya kanga yangu ajifute.

Kibwana alifika alasiri, pantoni ilipoweza kuvuka. Alikuwa na vumbi la randa kwenye nyusi. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo sitayasahau, nayo hayakuwa na kosa wala lawama ndani yake: "Mwalimu, mimi nilidhani anapendeza."

Jumatano, 24 Aprili

Bado hajazinduka vizuri.

Alhamisi, 25 Aprili

Amemtambua Kibwana. Ameomba maji, Witness akacheka kwa furaha.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimepita gatini. Habari imetangulia. "Kumbe sukari!" wanasema, na nyuso zimefunguka. Wale wanawake wa samaki wamechanga, wamepeleka uji na machungwa. Kwa hiyo sasa anaruhusiwa kuugua. Maradhi nayo yana koo zake: sukari ni ya ukoo mzuri, hutajwa kwa jina mbele za watu. Ule ugonjwa mwingine waliomdhania wangemwacha afe nao sakafuni, na ungekuwa ugonjwa tu vilevile.

Nawaandika hivi, lakini wamechanga. Hilo nalo ni kweli.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga. Tangu jana pantoni haivuki. Bati la jirani limeondoka, limekwenda kukaa juu ya mnazi. Umeme hakuna. Helena alikuwa aje kunitazama. Barabara ya Dar imekatwa na maji, mabasi yamekwama. Amelia kwenye simu. Nikamwambia nina mchele, nina mkaa, na nina Biblia, asilie.

Moza bado yuko wodini. Ni bora huko kuliko ng'ambo.

Ijumaa, 10 Mei

Mwili unamrudia. Sindano zinafanya kazi: mashavu yamejaa kidogo, ngozi imepata mafuta. Leo Witness alimpandisha kwenye mizani, akasoma, akasema, "Safi kabisa, umeongezeka!" Moza alishuka, akalala, akageukia ukutani.

Nilingoja Witness aondoke.

"Nikikwambia utanicheka," Moza akasema, bado ameutazama ukuta.

"Nilistaafu kazi hiyo."

"Siku ya Idi tulikwenda harusini Kitunda. Kulikuwa na viti vya plastiki, vimepangwa karibukaribu. Nikapita katikati ya viti viwili bila kugeuka ubavu. Sikugusa kiti. Unajua nilifanya nini? Nilirudi nikapita tena. Nikajifanya nimesahau kitu, nikapita mara ya tatu."

Sikucheka. Mimi mwenyewe kanisani huingia mapema ili nipite kabla benchi halijajaa, na sijawahi kumwambia mtu.

Alhamisi, 16 Mei

Ameruhusiwa. Kibwana amefundishwa sindano. Hawana friji, wataweka dawa kwenye chupa ndani ya mtungi wenye maji, Witness amesema itafaa.

Jumanne, 21 Mei

Mvua zimepungua. Moza yupo kwenye karai. Watu wamejaa kwake kama zamani. Twalib anambebea majiko kutoka pantoni bila kuombwa, na anamwita kwa jina lake, kwa sauti kubwa mno, kama anayewafundisha wengine.

Jumatatu, 27 Mei

Bangili imeteremka tena.

Nilijiambia macho ya kizee. Nikakaa. Nikaona chupa ya maji, kubwa, tupu. Nikaona ya pili.

Nilikwenda nikasimama mbele yake. "Umechoma lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya lini?"

Akageuza kitumbua. Kilikuwa tayari kimeungua.

"Kibwana yuko Kilwa wiki hii," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nimeruka siku chache tu. Nilitaka nishuke kidogo, halafu nitaanza tena. Gauni lilikuwa limeanza kukataa."

Ningeweza kumkemea, nina maneno ya kukemea ya kutosha darasa la watoto sabini. Badala yake nilimweleza mambo ya Augustine, ambayo huwa siyasemi. Kwamba aliruka dawa kwa ukaidi tu. Kwamba mguu ulianza kwa kidonda kidogo kuliko kunde. Kwamba mwishoni hakuniona usoni, alinijua kwa hatua. Kwamba siku ya kumwosha, wanaume walisema alikuwa mwepesi sana, na walidhani wananiambia habari njema.

"Nilipokuwa nakutazama miezi hii," nikamwambia, "nilidhani naona mwili unapungua. Kumbe nilikuwa naona mtu anaondoka. Mimi sitaki tena kumtazama mtu akiondoka, Moza. Nimechoka."

Pantoni ilipiga honi. Watu wakasimama, wakaanza kuburuta mizigo. Moza akafuta mikono. Akavuta kikapu kutoka chini ya benchi, akatoa kopo la maji na ndani yake chupa ndogo, na sindano iliyofungwa kwa leso. Alikuwa amekuja nayo. Siku zote hizo alikuwa anavuka nayo asubuhi na kurudi nayo jioni.

"Nishikie kanga," akasema.

Nikavua kanga ya mabegani, nikaitanua kama pazia, nikampa mgongo. Mbele yangu abiria walipita, wanene, wembamba, wenye haraka, na wengine walinishangaa: ajuza aliyetanua mikono na kanga katikati ya njia. Niliwaacha washangae. Nyuma yangu nilisikia pumzi ikivutwa, ikashikwa, ikaachiwa.

"Tayari," akasema.

Jumatano, 29 Mei

Amechoma. Niliona.

Ijumaa, 31 Mei

Amechoma. Kibwana amerudi, nimemweleza mbele ya Moza mwenyewe. Hakumgombeza. Kasema gauni litaongezwa kitambaa ubavuni, fundi anamjua.

Jumapili, 2 Juni

Kibwana na mama yake, Bi Amina, walifanya dua ya shukrani nyumbani kwao Kitunda, wakanialika. Nimevuka baada ya misa. Twalib alinishika mkono kwenye mlango wa pantoni kama anayepokea yai.

Wanaume walikaa ukumbini na maalimu, sisi wanawake uani kwenye mikeka. Moza alikuwa na gauni la kijani, vipande viwili vipya ubavuni, vya kijani kilichokaribia kufanana. Alipita katikati ya wanawake akigawa sahani, na alipofika pembamba aligeuka ubavu, akapita, akaendelea kugawa. Sikuona usoni mwake kitu chochote. Labda hakikuwepo, labda kimehamia ndani. Sitajua yote kwa kutazama, hilo nimekubali.

Pilau lilikuwa zuri. Nilichukua kidogo, kwa heshima ya daktari.

Bi Amina ni mama mkongwe mdogo sana, mifupa na macho. Alikuja akaketi karibu nami, akanishika mkono juu ya kiwiko, akauminya kama anayechagua kuku sokoni.

"Mwalimu," akasema, "umemwangalia mkwe wangu msimu mzima. Mungu akulipe. Na wewe je? Nani anakuangalia?"

Niliweka sahani chini. Nilitaka kusema Helena, lakini Helena yuko mbali na barabara ndiyo kwanza imefunguliwa. Nilitaka kusema Mungu, ambalo ndilo jibu la adabu. Wanawake walio karibu walinigeukia.

"Mimi hapa namwangalia," Moza akasema kutoka jikoni, hata hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Na juzi alikula maandazi matatu kwa mama wa upande wa pili wa gati, akidhani simwoni."

Ua zima lilicheka. Bi Amina alicheka mpaka akanishikilia bega asianguke. Nami nilicheka, nikainama, nikatafuta sahani yangu.

Ni kweli alikula, huyo mwalimu. Humu daftarini hakuandika.